Fundi Aliyeuliza Baiskeli Kwanza

Siku ya tatu baada ya kaka yangu kuanguka, fundi baiskeli alipanda kutoka mjini hadi kwetu mlimani, akavua kofia mlangoni, akamwamkia baba, kisha akauliza:

"Na baiskeli iko wapi, mzee?"

Hakuuliza mgonjwa. Nilikuwa uani nikimenya ndizi, kisu kikasimama mkononi. Kaka alikuwa amelazwa hospitali ya misheni na nyonga iliyovunjika, daktari hajasema kama atatembea tena bila fimbo, na mtu wa mwisho kuishika baiskeli ile kabla ya ajali alitaka kwanza habari za chuma.

"Iko nyuma ya zizi," baba alisema. "Unaitakia nini?"

"Niitazame tu."

"Uliitazama wiki iliyopita. Mchana kutwa na usiku wake."

Fundi akachekacheka kama mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi. Alikuwa mtu wa upande wa Kilimanjaro, mrefu, kijana bado, mwenye banda la mabati pale Ngarenaro. Baba akamwonyesha njia kwa kidevu. Mimi nikaacha ndizi, nikazunguka kwa nyuma, nikajibanza katikati ya migomba.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko sisi watoto wote. Baba aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao, na hata huyo mzungu alisema aliikuta ghalani. Ilikuwa nyeusi, ndefu, nzito kama ndama. Breki zake hazikuwa za waya. Zilikuwa za fito. Ukibana mkononi, fito za chuma huvuta vipande viwili vya mpira, navyo hukamata rimu kwa ndani, lile duara linalobeba tairi. Zikikamata, unasimama. Zisipokamata, kwetu hakuna kinachosimama, kwa sababu njia yote kutoka kanisani hadi barabara ya Moshi ni mteremko mmoja wa udongo mwekundu, na chini kabisa kuna kijito na daraja la magogo.

Asubuhi ya ajali kaka alikuwa ameitwa mjini kuhojiwa kwa ajili ya kusomea ualimu. Alivaa viatu vilivyong'arishwa, suruali amebana kwa kibanio, cheti cha shule ndani ya shati. Kulikuwa na ukungu. Wanawake waliokuwa wakipanda na maji walimsikia kabla ya kumwona, alikuwa akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni! Haishiki!" Akapita katikati yao, akagonga gogo la daraja, na mto ukampokea kwa mawe yake.

Alichotuambia hospitalini kilikuwa kifupi. "Nilibana mpaka vidole vikauma. Breki ziliteleza kama mlenda." Breki zilizotoka kubadilishwa mipira siku mbili kabla! Na aliyebadilisha alikuwa amekwisha kuomba mara tatu auziwe baiskeli ile, na mara tatu baba alikataa.

Basi nilimtazama kutoka kwenye migomba kwa macho ya mtu aliyekwisha kuhukumu. Fundi alichuchumaa. Hakujali taa iliyovunjika wala uma wa mbele uliopinda, ule unaoshika gurudumu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu, akabandua tope lililokauka kwa ukucha, akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa. Kisha akageuka akaitazama nyumba yetu kwa muda mrefu. Alipomaliza kutazama alitoa kitambaa mfukoni, akaifuta rimu yote kwa kuizungusha, akafuta na ya nyuma, akakikunja kitambaa na kukirudisha mfukoni. Aliporudi barazani ndipo aliposema pole. Mama alimletea maziwa ya mgando; alisema ana haraka, akaondoka bila kuonja.

Kwetu mtu anayekataa maziwa ya nyumba yenye msiba ameshajitaja.

Nilimweleza baba yote, na sikuyaeleza kavu. Niliongeza jinsi alivyotazama nyumba, jinsi jicho lake lilivyokuwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka shule ya wasichana kwa likizo, na nilijua kupanga maneno mpaka msikilizaji akashika kifua. Baba hakushika kifua. Alisema tu, "Alikuwa anafuta alichokifanya," akachukua kofia na kwenda kwa wazee.

Miaka ile haikuhitaji maneno mengi kumshuku mtu. Wapima ardhi wa serikali walikuwa wamepita na minyororo yao, na baada yao watu wa chini ya mlima walihamishwa, wao na ng'ombe wao. Tangu hapo kila mtu mlimani alilala na sikio moja barabarani. Mgeni anayeuliza njia aliulizwa nani kamtuma. Jirani akipima shamba lake kwa hatua, jirani mwenzake alisimama kwenye mpaka akamhesabia.

Kabla ya wiki kwisha habari ilikuwa imeshuka hadi mjini. Nilipopelekwa sokoni nilipita Ngarenaro makusudi. Banda la fundi, ambalo siku zote lilikuwa limezungukwa na baiskeli zilizolala chali, lilikuwa tupu. Yeye alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la vifaa, akisugua spana iliyokwisha kung'aa. Vijana wawili wenye mizigo ya mkaa walipita mbele yake wakisukuma baiskeli.

"Fundi, leo zamu ya nani kufa?" mmoja akamwuliza.

"Usimjibu, ataomba kukubadilishia mipira," mwenzake akasema, wakacheka hadi kona.

Fundi aliendelea kusugua. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na ladha ya sarafu mdomoni.

Wazee waliamua kuvunja chungu. Kwa asiyejua: chungu kipya hufinyangwa, wazee hukishika, husema maneno juu yake, na kinapopigwa chini kikavunjika, aliyetenda uovu huvunjika nacho, yeye na uzao wake, hata akiwa mbali kiasi gani. Kanisani ilikuwa marufuku. Mwinjilisti alisema hivyo Jumapili kwa sauti kubwa, na wazee wa kanisa waliitikia amina huku wakijua siku iliyopangwa. Baba alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo fundi alitumiwa neno kwamba ana siku nne. Ama aje akiri na kulipa ng'ombe, ama chungu kipasuke. Na kikipasuka, nani mjini angempa hata msumari aushike?

Siku ya pili kati ya hizo nne, bibi yangu, mama yake baba, aliniita chumbani kwake. Alikuwa hajala tangu jana yake. Nilidhani ni kwa ajili ya kaka.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma," alisema. "Watasema maneno gani kwenye chungu?"

"Watasema aliyetia mkono wake kwenye baiskeli ile, kaka akaanguka, avunjike kama chungu."

Akachokoa mekoni kwa kijiti. Moto ulikuwa umebaki jivu. "Na chungu hujua aliyekusudia na asiyekusudia?"

"Sijui, bibi. Kwa nini?"

"Mimi nakuuliza wewe uliyesoma."

Nikaketi chini.

Alinieleza akitazama ukuta. Zamani zake, mtu akienda safari kubwa, bibi yake humpaka miguu mafuta ya kondoo, ili njia impokee vizuri na isimng'ang'anie. Asubuhi ile, kabla hatujaamka, alikuwa amemwendea kaka na pembe yake ya mafuta. Kaka akacheka kwa upole. Akamwambia, "Bibi, mimi nina viatu. Na isitoshe sitembei, baiskeli ndiyo itakayotembea."

"Basi nikaona kweli," bibi alisema. "Kama ndiyo inayotembea, yenyewe ndiyo ya kubarikiwa. Nilitoka nikaipaka miguu yake. Yote miwili, mpaka ikang'aa. Nilizunguka polepole nikimwombea."

Nililiona jambo zima kwa mara moja: rimu zinang'aa kwa mafuta, ukungu juu yake, mipira mipya ikibana na kuteleza, kubana na kuteleza, hadi darajani. Nikaona pia kidole cha fundi, na pua yake, na jinsi alivyoitazama nyumba yetu.

"Bibi," nilisema, "lazima Baba ajue."

"Mwite. Sitakwenda mbele ya wazee, magoti yangu hayataki. Lakini mdomo ninao."

Baba alisimama mlangoni akamsikiliza mama yake bila kukaa. Nilimwona akitafuta ndani ya hadithi ile mahali pa kumwingiza fundi. Aliuliza kama pembe ya mafuta iliwahi kuguswa na mgeni. Aliuliza kama kuna mtu alimshauri. Bibi alimjibu hapana, na hapana, halafu akasema, "Wewe mtoto, unataka mtu mwingine awe amefanya. Ni mimi." Baba akatoka. Usiku huohuo alikwenda kwa mzee aliyehifadhi chungu na kumwomba kisivunjwe. Hakusema sababu, na alivyokataa kuisema, kesho yake kulikuwa na waliosema amehongwa.

Chungu chenyewe hakuna aliyethubutu kukipikia. Kiliwekwa shambani kwenye kahawa, kikajaa mvua.

Jumatatu iliyofuata tulishuka Ngarenaro, baba na mimi, tukiisukuma baiskeli zamu kwa zamu. Uma uliopinda ulifanya gurudumu la mbele liyumbe kama mlevi, na kila tulipopita watu walitazama kwanza chuma, kisha sisi, kisha njia tunayoelekea. Wengine walitufuata kabisa. Nadhani walitarajia kuona fundi akipigwa.

Fundi alisimama alipotuona. Mkono mmoja ulikuwa nyuma yake, na nilijua umeshika spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Baba aliilaza baiskeli chini, akaketi juu ya sanduku la vifaa bila kukaribishwa, akatazama watu waliojikusanya. "Nimeleta baiskeli yangu kwa fundi wangu," akasema kwa sauti ya kanisani. "Mwenye shughuli hapa ni nani mwingine?"

Watu wakaanza kutawanyika polepole, kwa huzuni ya watu walionyimwa kitu.

Walipopungua nilimkaribia fundi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, lakini yalitoka machache. "Mimi ndiye niliyekuona na kitambaa. Mimi ndiye niliyesema."

"Ulijibanza vibaya, dada," alisema. "Nilikiona kilemba chako katikati ya migomba, ila nilikuwa nimeshafuta."

"Ulijua ni nini?"

"Mafuta ya kondoo nitayakosea? Hata bibi yangu alikuwa na pembe." Aliinama akaanza kufungua nati. "Nikasema, hii si kazi ya adui. Adui angepaka haraka, tena moja tu. Hii ilipakwa kwa upendo, rimu mbili, ndani na nje. Nikafuta, aliyepaka asije akajulikana. Nikaogopa kunywa maziwa yenu. Mama angeniuliza, nami uongo siuwezi nikiwa na kikombe mkononi."

"Sasa mbona hukujitetea? Ungevunjiwa chungu!"

"Ningesema nini? Mgeni apande mlimani kwa watu, awaambie mwanenu kaangushwa na bibi yake?" Akatikisa kichwa. "Nami niliogopa, usidhani. Siku nne zile sikula nikashiba. Nilikuwa najiuliza kama mipira niliifunga sawasawa. Mtu akishukiwa sana huanza kujishuku."

Baba alisikia yote. Hakusema samahani, watu wa umri wake hawakuwa na neno hilo kwa vijana. Alikaa pale juu ya sanduku mpaka jua likageuka, mzee wa kanisa katika koti lake la Jumapili, akiwaitikia wote waliopita. Kufikia alasiri mtu wa kwanza alileta baiskeli yenye mnyororo uliokatika, akaiegesha huku akimtazama baba kama anayeomba ruhusa.

Fundi alipomaliza aliisimamisha yetu mbele ya baba. Uma ulikuwa umenyooshwa, rimu zimesuguliwa kwa majivu hadi hazina hata harufu. Baba alishukuru, akashika usukani. Kisha, akidhani tunatazama kwingine, akabana breki, akaisukuma baiskeli mbele kuona kama itakataa. Ilikataa. Akaachia, akabana tena.

Alipoinua macho, fundi alikuwa anamtazama. Uso wa baba ulibadilika. Sijapata kumwona tena akiona haya hivyo.

"Bana tena, mzee," fundi akamwambia taratibu. "Mimi mwenyewe nimebana mara nane."