Hatupandi Bila Cheni

Sisi tuliokulia Kinangop kabla lami haijajua njia ya kwetu, mvua tuliijua kwa miguu. Mwezi wa nne ukiingia, barabara iligeuka uji mweusi, mzito, na ukikanyaga vibaya kiatu kilibaki huko nawe ukaendelea na safari. Na kiatu chenyewe nani alikuwa nacho? Tulivaa akala, zile ndara alizokata fundi wa sokoni kwenye tairi kuukuu na kuzipigilia misumari. Tulishindana ya nani bado ina meno. Mwenye akala kipara alianguka njiani, akafika darasani kaptura imejaa tope, na mwalimu hakuuliza swali, alichukua kiboko tu. Vijana wa siku hizi wananunua raba kwa bei ya ndama, halafu wakiona kidimbwi wanasimama kando wakipiga simu ili wachukuliwe!

Gari letu lilikuwa moja, pikapu ya Mzee Gathogo, iliyobeba maziwa, kabichi na akina mama wa soko. Msimu wa mvua alifunga cheni kwenye magurudumu ya nyuma, maana bila cheni ule mteremko wa kwenda mtoni haukuwa na huruma na mtu. Hakuna askari aliyewahi kufika kule kumlazimisha. Wa kumlazimisha walikuwa akina mama. Ilikuwa desturi yao: kabla ya kupanda, aliye mbele aliweka mzigo chini, akainama, akapitisha kiganja juu ya tairi kama anayempima mtoto homa. Akikuta cheni hamna, au meno yameisha, alisema neno moja tu: "Hatupandi!" Na wote wakakalia magunia yao, maziwa yachache yasichache.

Mara nyingi aliyekuwa mbele ni mama yangu. Nakumbuka asubuhi moja ya sakitu, nyasi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, Mzee Gathogo akimbembeleza. "Mama Kariuki, si ni mteremko mmoja tu jamani!"

"Mteremko mmoja ndio unaozika watu," mama akamjibu. "Na hii si tairi tena, Mzee, hii ni akala. Nenda ukaivae, sisi tunangoja."

Loo, walicheka hao akina mama! Mzee Gathogo alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, akaja na cheni na tairi nyingine. Sisi watoto tuligombania kushika cheni zile, vidole vimekufa ganzi, maana malipo yetu yalikuwa kupanda nyuma hadi darajani. Kisha tukarudi nyumbani mbio tukinuka dizeli. Jioni mama alinitolea kiazi kwenye majivu, akakipangusa kwa leso, akaniambia maneno aliyoyarudia hadi tukayachoka: "Dereva akikosa haya, abiria awe nayo."

Mimi ndiye niliyekuja kuwa dereva. Naendesha gari la familia moja hapa Riyadh, na bosi wangu, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini mwenye kibali changu cha kazi, si mtu mbaya. Ana tabia ya kuuliza. Akipita pale uani husema, "Kariuki, gari tamam? Tairi tamam?" Nami hujibu, "Tamam, baba," yaani kila kitu sawa. Dereva aliyenitangulia alikuwa mtu wa kuomba hiki na kile, mara betri, mara breki, na mwisho akapandishwa ndege akarudi kwao. Basi mimi nikajifunza neno moja la Kiarabu, nikalishika kuliko yote. Tairi zilianza kuchanika ubavuni kwa jua, mimi tamam. Meno yakalika hadi pakawa laini, mimi tamam. Gari lilikuwa limepita ukaguzi wa mwaka, ule wanaouita fahas, wakati wa baridi, na kibandiko kimo kwenye kioo. Nikajiambia, sheria imeridhika, wewe nani?

Kiangazi hiki bosi alitangulia Jeddah kikazi, akaagiza nimpelekee familia kwa barabara. Mnaoijua barabara ile mnajua: jangwa kutwa nzima, lami inachemka, na kandokando mabaki ya tairi zilizopasuka yamelala kama nyoka waliogongwa. Usiku wa kuamkia safari akanipigia. "Tairi tamam?" Ningeweza kusema. Kinywa kilikuwa changu, simu ilikuwa sikioni. Nikasema tamam.

Asubuhi Nyambura akatoka na mabegi. Nyambura ndiye anayefanya kazi ya nyumbani pale, na kwao ni Ol Kalou, si mbali na kwetu. Kule tungekuwa majirani wa soko. Alipomaliza kupakia akainama karibu na gurudumu la nyuma, akapitisha kiganja. Jamani! Miaka yote hiyo sikuwa nimeuona mkono ukifanya vile. Akainuka akanitazama.

"Kariuki, hii si ni akala?"

Nilingoja aseme lile neno lingine la akina mama. Nakuapieni nilitamani aliseme, akae juu ya begi kama mama yangu, anilazimishe. Hakulisema. Alimtazama madam, mke wa bosi, anayetoka na watoto wawili, akatazama lile geti kubwa, akapangusa kiganja kwenye dera lake. "Haya," akasema polepole, akaingia. Akamfunga mkanda yule mdogo, akaurudia kuukaza. Kule kwetu Nyambura angekataa na soko zima likakataa naye. Hapa amri si yake. Mwenye kinywa nilikuwa mimi, na nilikuwa nimekifunga kwa hiari yangu.

Nikawasha gari. Aibu iliniwaka masikioni hadi nikahisi joto la nje ni afadhali. Badala ya kushika njia ya Jeddah nikakata kuelekea Al-Sulay, kwenye maghala na maduka ya tairi, nikaegesha. Madam akauliza kuna nini. Nikashuka, nikampigia bosi kama mtoto aliyevunja chungu.

"Baba, tairi si tamam. Hazifiki Jeddah."

Nilijiandaa kutukanwa. Nilijiandaa kufungasha. Yeye akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: "Siku zote nakuuliza. Kwa nini hukusema?" Halafu, "Weka mpya zote. Yalla." Akakata simu.

Halas, basi. Yote niliyoyaogopa yalikuwa hayo tu.

Fundi, Mpakistani mwenye ndevu nyekundu za hina, alipotoa tairi ya nyuma aliingiza kidole kwenye ufa hadi nusu, akatikisa kichwa, akamwonyesha madam. "Jeddah mafi," akasema, yaani Jeddah hatufiki. Madam alikitazama kile kidole, akawavuta watoto wake kwake wote wawili. Kisha akanitazama mimi. Angenifokea ningepumua. Nyambura alikuwa kivulini anawapa watoto maji, naye akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama yako angekuona leo, angefurahi kweli?"

Tulifika Jeddah salama. Lakini njia nzima sikuweza kutazama kioo cha nyuma.

Sasa juzi, kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, mwenzetu aliyeko Kanada akatuma picha ya gari lake kwenye theluji. Anatueleza kwamba huko anakoishi, baridi ikija ni sheria kuvaa tairi za baridi, usipovaa unatozwa faini. Mjadala ukawaka. Mmoja akasema sheria ni lazima. Mwingine akauliza, serikali inatafuta nini kwenye magurudumu ya mtu mzima? Kijana wa mmoja wetu, sijui nani alimwingiza kundini, akaandika kwamba magari ya kisasa yanajizuia yenyewe yasiteleze, wazee tulieni. Wengine wakakumbuka cheni za Mzee Gathogo, wakasifu enzi zetu, eti sisi hatukuhitaji sheria, tulikuwa watu wa kuwajibika tangu utotoni.

Tulikuwa? Waliowajibika ni mama zetu, waliokaa kwenye magunia maziwa yakichacha. Sisi tulishika cheni ili tupande hadi darajani tu. Siku hizi kule kwetu lami imefika na hakuna anayeinama kupapasa tairi ya mtu. Mama amelala kaburini, na mimi niliyelishwa maneno yake pamoja na kiazi nimezeeka nikisema tamam.

Nikaandika mstari mmoja: "Sheria iwepo, kwa ajili ya watu kama mimi."

Wakacheka kundi zima. Wakasema Kariuki haachi utani wake.