Efrazia wa Mlalo na maneno aliyomtia mdomoni daktari wa Kikorea

Saa nane na robo mchana, siku ya gulio Mlalo. Ndani ya banda la mbao lililoezekwa bati, Efrazia Shekolowa anavuta kiti cha plastiki mpaka ubavuni mwa runinga, anaweka daftari magotini, kisha anapuliza kipaza sauti mara mbili kuona kama kinaitika. Kwenye skrini, mwanamke wa Kikorea mwenye koti jeupe anashuka ngazi za hospitali akiwa amekunja uso.

"Huyu ni yule muuguzi mkuu," anasema Efrazia, taratibu, kama anayemnong'oneza jirani. "Leo ana neno na Dokta Mika. Msikilizeni."

Wanaomsikiliza ni watu kumi na wanne. Mwandishi wa makala haya amewahesabu mara mbili, maana alikuwa ameambiwa kwamba siku ya gulio banda hili halina pa kukanyaga. Mabenchi ni manane. Hadi wiki mbili zilizopita yalijaa, na akina mama waliochelewa kufunga biashara walisimama mlangoni na matenga yao ya mapeasi yakiwa miguuni.

Efrazia ana umri wa miaka 46, na watoto watatu; kwa jina la mmoja wao, wengi hapa humwita Mama Edgar. Kazi yake hapa Mlalo hana mwenzake. Tamthilia inazungumza Kikorea, chini ya picha yanapita maandishi ya Kiingereza, naye anayasoma na kuyasema kwa Kiswahili papo hapo. Kichekesho kikigoma kwa Kiswahili, anakimalizia kwa Kishambaa na banda zima linaangua kicheko.

Si kazi ya kubahatisha. Kila sehemu huitazama kwanza nyumbani, mara mbili, kamusi ikiwa pembeni, na maneno magumu huyaandika kwenye daftari. Kiingilio ni shilingi mia tano, na gulio zuri lilikuwa likimwachia kama elfu ishirini baada ya umeme na kodi ya banda.

Majina ya Kikorea yaliwashinda wateja wake siku ya kwanza tu, wakayabatiza upya. Daktari kijana mwenye nywele za kuangukia machoni akawa Dokta Mika. Binti mgonjwa anayekaribia kuolewa akawa Bi Harusi. Mama wa mchumba wake wakamwita Mama Mkwe, na hapo hawakuhitaji kufikiri.

Utazamaji wa hapa nao si wa kukaa kimya. Mtu analipa mia tano yake na anataka kutoa maoni ya mia tano. Dokta Mika akichelewa wodini, anakemewa. Bi Harusi akilia sana, anaambiwa ajikaze. Ndiyo maana kilichotokea katika sehemu ya kumi na moja kimeligawa gulio zima la Mlalo, na kinaweza kumwondoa Efrazia kwenye kazi anayoipenda.

Katika sehemu hiyo, Bi Harusi anamsihi Dokta Mika asimweleze mtu yeyote ugonjwa wake, hasa ukweni. Daktari anaahidi. Siku ya pili Mama Mkwe anafika hospitali, anainama, analia, anaomba kujua mwanawe anaoa mtu wa namna gani. Daktari anamwonea huruma. Anamwambia kila kitu.

Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini watu wa Mlalo hawakusikia hivyo. Kwenye kipaza sauti, Dokta Mika alisema, "Mama, nisamehe. Siri ya mgonjwa si yangu. Siwezi kuitoa." Banda likampigia makofi.

Wiki iliyofuata kibarua kikawa kigumu. Katika sehemu ya kumi na mbili Mama Mkwe tayari anajua, na Efrazia ikabidi atafute mahali alipopatia habari. Akamzua mfagizi wa hospitali aliyesikia mambo kwenye korido. Hakuna mfagizi hata mmoja katika tamthilia ile.

Aliyesimama kumpinga alikuwa Mzee Kassimu, mwenye umri wa miaka 68, aliyerudi nyumbani Mlalo baada ya kuongoza wageni kwa miaka ishirini na miwili kule Sigi, kwenye lango la msitu wa Amani. Kiingereza chake hakina shaka. Siku hiyo alikuwa ameingia bandani kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya mvua.

"Mama Edgar, samahani mwanangu," alisema. "Huyo mama hakumtaja mfagizi. Anamshukuru daktari kwa kumwambia."

Efrazia alisimamisha picha. Mtu mmoja nyuma akauliza kama ni kweli. Akajibu kuwa ni kweli. Akaulizwa kwa nini amewadanganya. Hapo hakujibu, na mpaka mwandishi anafika Mlalo alikuwa bado hajajibu.

"Mimi kilichoniuma ni hizo sehemu kumi za nyuma," anasema Beatha, muuza kabichi, ambaye sasa haingii bandani, anakaa nje tu na kuuza. "Nimelia kwa ajili ya watu wale. Sasa nitajuaje kama nililia kwa maneno yao au kwa maneno ya Mama Edgar?"

Swali hilo lingemtoa jasho hata profesa.

Ajabu ni kwamba ubishi haukuishia kwa Efrazia. Watu walipojua alichofanya Dokta Mika hasa, wakaanza kumhukumu na yeye. Beatha anamtetea. "Mama mzima kalia mbele yako, kainama mpaka chini. Ulitaka amwache aondoke hivyo hivyo? Yule daktari kalelewa."

Faraji, fundi baiskeli wa pale pale gulioni, hataki kusikia. "Kalelewa wapi? Mimi nikienda kutumbuliwa jipu mahali pa kukalia, kesho nikute gulio zima linanipa pole? Daktari wa hivyo angekuwa wa hapa, tungemhamisha."

Faraji ana lalamiko jingine, na hili anawapelekea walioandika tamthilia. Katika sehemu ya kumi na mbili, Mama Mkwe akishaijua siri, anamkumbatia Bi Harusi, muziki unapanda, harusi inaendelea. "Wiki moja tu, mkwe kageuka malaika. Wameandika hivyo ili daktari aonekane kafanya jambo jema. Watu hawageuki kirahisi namna hiyo."

Mwandishi alipanda Mlalo kutafuta habari nyepesi ya kuchekesha kuhusu mama anayewafanya Wakorea wazungumze Kishambaa. Alimuuliza Efrazia swali lile lile la wateja wake: kwa nini? Efrazia akafungua daftari lake ukurasa wa sehemu ya kumi na moja. Maneno ya kweli ya Dokta Mika yalikuwepo, kwa kalamu ya bluu, yametafsiriwa sawasawa.

"Nilikuja nikiwa nayo," alisema. "Nilikusudia kuyasema. Yule mama alipoinama, mdomo wangu ukakataa."

Kabla ya kipaza sauti, Efrazia alikuwa mhudumu wa afya katika zahanati moja ambayo hatutaitaja, mwaka ambao hatutautaja. Alikuwepo mgonjwa, mke wa mtu, aliyekuja kuchukua dawa kila mwezi na kuomba ukweni wasijue. Tutamwita Halima, na si jina lake. Mwandishi aliuliza ni ugonjwa gani.

"Hilo sikwambii," alisema Efrazia.

Mwandishi alikereka kidogo, kwa kuwa habari bila ugonjwa aliiona pungufu. Akauliza tena kwa njia nyingine, kama wafanyavyo waandishi. Efrazia akamtazama tu. Swali halikurudiwa tena, na mwandishi anakiri kwamba aliona aibu.

Siku moja mama mkwe wa Halima alifika zahanati. Bibi wa heshima zake, mtu wa kanisani. Efrazia akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba mwanangu, wakaulizana habari za nyumbani, za shamba, za watoto. Halafu bibi akautaja ugonjwa kwa jina lake na kuuliza kama ndio unaomleta mkwe wake pale.

"Kwetu mkubwa hakanushwi," anasema Efrazia. "Nimelelewa hivyo. Ningesema si huo, nimemdanganya bibi wa watu. Ningesema siwezi kukujibu, nimemtukana. Nikainamisha macho. Nilidhani nimenyamaza, nimeitunza siri. Kumbe kwa mkubwa, mtoto akiinamisha macho amekubali. Hata mimi ningekuwa bibi yule ningeelewa hivyo hivyo."

Bibi alishukuru kwa Kishambaa, "Hongea," akaenda zake. Haikupita wiki, Halima alirudishwa kwao na mtoto mgongoni. Kwa kuwa hakumwamini tena mtu wa zahanati yoyote, aliacha dawa. Aliporudi kuzitumia, ugonjwa ulikuwa umeshamfanyia madhara ambayo hayatibiki.

Hakuna aliyemshtaki Efrazia, kwa kuwa hakuna aliyejua. Kwenye karatasi hakutoa siri. Hakutamka hata neno. Aliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake, akasema anakwenda kulima viazi, na kweli akalima kwa miaka kadhaa kabla ya kununua runinga.

"Aliyeandika tamthilia ile angemwona Halima siku ile anateremka na mtoto, asingeweka muziki," anasema, na machozi yanamtoka bila kuyaficha. "Nikasema basi, angalau huyu daktari wangu asiseme. Angalau mmoja anyamaze vizuri."

Sasa tazama mahali mama huyu alipokwama. Wateja wake wanataka sababu, na ni haki yao. Sababu anayo. Lakini sababu yenyewe ni siri ya mgonjwa, na Mlalo ni ndogo. Akijieleza vizuri, atakuwa amemtoa Halima mbele ya mabenchi manane, safari hii kwa kipaza sauti. Akinyamaza, anabaki mwongo, na banda linakufa. Mwenye banda ameshamuuliza kama mwezi ujao ataendelea na kodi.

Alichagua kwenda kumuuliza mwenye siri, na mwandishi aliahidi kutoandika neno mpaka mwenyewe aruhusu. Simu aliikataa. "Jambo hili halisemwi kwa simu," alisema. Siku mbili baada ya gulio alisafiri pamoja na mwandishi hadi mji anaoishi Halima siku hizi, mji ambao mwandishi anaujua na hatauandika. Mwandishi aliachwa kwenye mgahawa, akanywa chai vikombe vitatu. Efrazia alirudi baada ya saa mbili, macho mekundu, akaomba maji.

Alimkuta Halima akichambua maharage, akakaribishwa, akasaidia kuchambua. Alimweleza yote, ya bibi na ya kuinamisha macho, ambayo Halima hakuwa akiyajua. Miaka yote hiyo alikuwa akimdhania mtu mwingine wa zahanati ile, akamchukia bure. Kisha akamweleza kuhusu Dokta Mika.

"Akaniuliza, huyo daktari mwishoni anamwomba yule binti msamaha? Nikamwambia nimeshazitazama zote kumi na sita, hamwombi. Binti ndiye anamshukuru. Halima akasema, basi aliyeandika hajui kitu."

Ndipo Efrazia alipoomba msamaha wake, aliokuwa hajauomba tangu mwaka ule. Mwandishi aliuliza kama alisamehewa.

"Hakusema. Aliendelea na maharage. Nami siwezi kusema kanisamehe. Nikimtilia maneno na yeye, nitakuwa nimefanya nini?"

Kuhusu ruhusa, Halima alisema, tena kwa maneno machache ambayo Efrazia aliyarudia mara mbili pale mgahawani ili asikosee: "Nenda kawaambie, na huyo wa gazeti aandike. Sema wewe ulifanya nini. Usiseme mimi nilikuwa na nini."

Kwa hiyo gulio lijalo sehemu ya kumi na tano itasubiri. Efrazia ataonyesha tena sehemu ya kumi na moja, bila kiingilio, na atayasema maneno ya Dokta Mika kama yalivyo kwenye daftari, hata yale yanayomchoma. Kisha atasimamisha picha, atawaambia watu kwamba aliwahi kuwa mhudumu wa afya, na kwamba siku moja mkubwa alimuuliza swali. Ameshapita kwa Beatha kwenye kabichi zake na kwa Faraji kumwalika. Beatha alisema ataona.

Mtu wa tatu aliyemwendea ni Mzee Kassimu, nyumbani kwake. Amemwomba akae benchi la mbele kabisa, asome kila mstari unaopita chini ya picha, na akisikia neno lisilokuwepo asimame kama alivyosimama siku ile. Mzee alisita. Alisema ilimuuma kumfedhehesha mama wa watu mbele ya wateja wake, na safari hii angependa kumstahi.

"Nikamwambia hapana, babangu, usinistahi," anasema Efrazia. "Ukisikia nimekosea halafu ukainamisha macho kwa heshima, tutakuwa tumerudi kule kule."