Sura Ndani ya Kibuyu

Zubeda wa Mboko, kijiji cha kando ya ziwa, alikuwa mjane aliyelima vibuyu nyuma ya nyumba yake, na mikono yake ndiyo iliyovipa shingo. Kibuyu kikiwa kichanga, alikifunga ukanda wa mgomba mahali alipotaka kiwe chembamba. Tunda changa ni vijumba vidogo mno, jicho haliwezi kuviona, vimejaa maji, na kila kimoja kinasukuma kuta zake. Penye ukanda msukumo hukwama. Kwingine kibuyu huvimba. Ganda likishakomaa, hata ukikata ukanda umbo halibadiliki. Wanawake wafugaji wa milimani, kama mteja wake Bazubagira, walishuka na siagi kuja kutafuta vibuyu vyake vya kusukia maziwa.

Mwaka 1954 shemeji yake Mashaka, mdogo wa marehemu mumewe, alimletea visanduku viwili vya mbao. Kila kimoja kilikuwa nusu mbili, na ndani kimechongwa mashimo na matuta yasiyoeleweka.

“Mama Saumu, funga bibuyu bichanga humu,” alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. “Kuna muzungu wa shamba la pamba, iko anataka mapambo ya meza.”

Zubeda alikubali kwa heshima ya marehemu. Kisanduku cha kwanza alikikaza kamba bila kuacha upenyo wa hewa. Wiki ya tatu ute wa njano ukachuruzika mbaoni. Alipokifungua, funza walikuwa wakijikunjakunja ndani ya uji uliooza. Alikimbilia kando ya ua akatapika.

Kisanduku cha pili alikitoboa matundu. Safari hii kibuyu kilikua salama, kikajisukuma mpaka kikajaza kila shimo, kisha kikakomaa humo. Mashaka alikuja mwenyewe kukifungua.

Kilikuwa kichwa cha mtu mweusi. Midomo imevimba kama imepigwa, pua imetandazwa shavu hadi shavu, mdomo wazi kama wa mjinga. Mashaka alicheka hadi akashika mbavu.

“Muzungu atatia tumbaku humo! Bageni bake batacheka sana.”

Zubeda alirudi hatua nyuma, kama siku ile ya funza.

“Shemeji, hii pua iko ya nani?”

“Ya batu tu.”

“Ya mama yako?”

Zubeda alikiweka kibuyu juu ya jiwe, akakiponda kwa mchi mpaka kikawa vipande. Visanduku akavitia motoni chini ya chungu cha maharage.

“Mi natunza hii mimea na mikono yangu,” alisema. “Sitaikuza itutukane.”

Alinawa kwa majivu, akanawa tena, na bado alihisi mikono yake inanuka.

Mashaka alichongesha visanduku vingine, akavivusha hadi rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji, ambako alipata wakulima waliokubali kuvitumia. Kila sikukuu alimtumia Zubeda samaki wakavu. Zubeda aliwashika mkiani kwa ncha za vidole, akawatupia paka.