Picha ya Mgeni Rasmi

Mkinicheka chekeni, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka machozi, ingawa siku ile, haki ya Mungu, nilitamani sakafu ya kile chuo cha London inimeze pamoja na viatu vyangu vya kazini (nilitoka moja kwa moja kwa wazee ninaowatunza, sikupata hata dakika ya kubadilisha).

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nasoma jioni, na somo lilikuwa la Wachikano, wale Wamarekani wenye asili ya Meksiko, ambao huku wanaambiwa si kwao na kule si kwao (hapo nilijiona mimi kabisa). Nilishaanguka mara moja. Nikianguka tena, kozi basi. Nikaapa nitapita. Kazi yangu ilikuwa kupamba ile meza yao ya Novemba ya kuwakumbuka wapendwa na kuieleza mbele ya profesa Mchikano aliyealikwa kutoka Kalifornia. Maelekezo ya kazi yalikuwa kurasa mbili. Nilisoma moja.

Nikapanda basi hadi Kingsbury, mtaa wa London wa Wahindi waliohamia kutoka Nairobi, nikanunua mashada ya maua ya rangi ya machungwa, yale ya Diwali, sikukuu yao ya taa, na mishumaa, nikapanga. Sasa, jamani, kwetu shughuli bila picha ya mgeni rasmi ni shughuli? Nikakata picha ya profesa kwenye tangazo la ziara yake, nikaitia fremu, nikaiweka katikati kabisa, nikaivisha shada.

Profesa akaingia. Akasimama. Mwenzangu Wanjiru akaninong'oneza, "Wewe! Hiyo meza ni ya marehemu!"

Miguu ikataka kukimbia, nikaikatalia. Nikaenda mbele nikasema, "Profesa, nisamehe, nimekuzika. Kwetu mgeni tunamheshimu angali hai."

Akacheka hadi akashika meza. "Maua ni mazuri," akasema, "lakini hapa katikati ungemweka nani wako?"

Hilo sikulitarajia. Mkobani nilikuwa na picha ndogo ya pasipoti ya mama, aliyezikwa Machakos nikiwa huku nangoja makaratasi ya uhamiaji, sikumtupia hata udongo. Nikamtoa profesa, nikamweka mama, na yote niliyokariri yakapotea, nikaeleza kwa kilio, kamasi na Kiingereza kibovu.

Nilipita. Lakini tangu siku hiyo karatasi yoyote, hata ya dawa ya kikohozi, naisoma mpaka nyuma. Na kila Novemba naenda Kingsbury; muuzaji hunitakia Diwali njema, nami naitikia, nabeba maua ya mama.