Kigango cha Mwambire

Kadii binti Dzombo aliolewa Mirihi Mitatu angali msichana, na kwa miaka arubaini hakuna aliyemwuliza anaishi wilaya gani. Kijiji kilikaa juu ya kilima, mwendo wa nusu siku kutoka Adu: nyumba kumi na tisa, mihogo, na mikorosho iliyozaa inapotaka yenyewe. Aliyetaka chumvi alishuka kusini. Aliyetaka kuni alishuka kaskazini.

Swali lilikuja na njaa ya mwaka wa themanini na nne. Mahindi ya msaada, yale ya njano, yalifika wilaya zote mbili, ya kusini na ya kaskazini. Kadii alipanga foleni kwa chifu wa kusini, akaambiwa watu wa kilimani ni wa kaskazini. Akaenda kaskazini, huko akaambiwa arudi kusini. Mzee Kavumbi, mchongaji wa kijiji, alisema wenye bahati ni mbuzi wake, maana walilala wilaya moja wakala nyingine na hakuna aliyewadai kipande cha kitambulisho. Watu walicheka, kisha wakaenda porini kuchimba mizizi.

Mvua iliporudi ikaja na barua ya serikali. Ilisema wilaya hizo mbili zinagombania kilima, na hadi kitakapopimwa, asijenge mtu wala kusimika nguzo ya aina yoyote.

Mwaka huohuo Mwambire, mumewe Kadii aliyekuwa amekufa miaka sita, alianza kumjia ndotoni. Alikuja amelowa mvua, akasimama mlangoni, akauliza ataachwa nje mpaka lini. Mwambire alikuwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na mzee wa Gohu akifa husimamishiwa kigango, mti uliochongwa kichwa na mabega, apate pa kukaa. Yeye hakusimamishiwa. Kwanza mbuzi wa sherehe hawakutosha, kisha njaa ikaingia. Alikuja mara tatu, na baada ya mara ya tatu wajukuu wa Kadii wakashikwa na homa, mmoja baada ya mwingine.

Thoya, mwanawe, alikumbusha ile barua. Alisema hataki kufungwa kwa sababu ya mti.

"Serikali ina subira, mwanangu," Kadii akamwambia. "Babako hana."

Mzee Kavumbi naye hakuona kosa. Nguzo ya serikali ni ya saruji, alisema, na hii ni ya mti wa muhuhu, tena ina uso. Nani atazichanganya? Akakichonga kigango siku nane. Wazee wakakisimika kileleni, pale Mwambire alipojenga boma lake la kwanza, wakakifunga vitambaa vyekundu na vyeupe, na Kadii akamimina tembo la mnazi chini yake kwa kifuu. Wiki haikuisha, watoto wakaamka, wakaomba uji.

Wapimaji walifika baada ya miaka miwili. Mkubwa wao aliitwa Phineas, kijana mwenye adabu, aliyemwamkia kila mtu mzima shikamoo kabla ya kufungua darubini yake ya miguu mitatu. Machifu wote wawili walimfuata, na kwa siku tatu alama aliyoikubali mmoja, mwenziwe aliikataa. Jiwe hili lilisogezwa. Mti ule ulipandwa juzi. Siku ya nne walifika kileleni, na Phineas akauliza ule mti wenye kichwa ni wa nani.

"Ni wa mume wangu," Kadii akasema.

"Unaweza kuhamishwa, mama?"

Kadii aliona wanataka kuung'oa. Akajibu kwa sauti, machifu wote wasikie: "Kigango hakihamishwi. Anayekigusa kwa ubaya hamalizi mwaka. Hata sisi tukihama hapa, chenyewe kitabaki."

Machifu walitazamana. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na aliyebisha.

"Basi ndicho tulichokuwa tukikitafuta," Phineas akasema, akaandika.

Walivifungua vitambaa kwa upole, wakavikunja, wakampa Kadii. Wakapaka nambari kwa rangi nyeupe kwenye paji la uso, wakazungusha waya hatua kumi kila upande, kwani alama ya mpaka ni mali ya serikali na haiguswi. Nyumba ya Kadii ikawa kusini, ya Thoya kaskazini.

Kadii alimwendea Phineas kambini, akamwomba asogeze mpaka wake kando kidogo, hata kwa urefu wa mkeka. Phineas alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Akamwambia karatasi zimekwisha kwenda, na machifu wakifunguliwa tena neno hilo watapigana.

Thoya akanong'ona wakakichukue wenyewe, wakisimike kwengine. Mzee Kavumbi alimtazama Kadii, Kadii akatazama chini. Lile alilowaambia machifu halikuwa la kuwatisha. Lilikuwa kweli.

Mvua za mwaka uliofuata, Mwambire alirudi mlangoni, amelowa, na nambari usoni. Asubuhi Kadii alijaza kifuu, akapanda hadi kwenye waya, akamimina hapohapo, hatua kumi mbali naye. Tembo likateremka kidogo kwenye mchanga, likanywewa kabla ya kufika popote. Ng'ambo ya waya, kutoka kwa Thoya, alisikia mtoto akikohoa.