Jiwe Lililogeukia Jikoni

Tetemeko lilipita asubuhi, tukiwa tunaanika kahawa. Kwetu Mbozi ardhi hutikisika mara kwa mara, kwa hiyo tulisimama, tukangoja, tukaendelea na kazi. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kutufuata na mizani zao.

Jioni ikaonekana kwamba jiwe la kaburi la baba limegeuka. Mwanzo lilitazama nyumba ya mama mkubwa, mke wake wa kwanza. Sasa jina la baba lilitazama jiko la mama yangu, mke wa pili. Halikugeuka sana, ila nyumba zao zilikuwa jirani, ikatosha. Fundi alikuwa amelisimamisha tu juu ya kaburi, maana ukoo ulitaka saruji imwagwe siku ya ibada ya kumbukumbu. Kosa lilikuwa letu sote. Lakini wana wa mama mkubwa walisema mama yangu amelizungusha mwenyewe ili aseme baba amemchagua yeye, adai shamba. Njia ya mwongo ni fupi, walisema. Aondoke, arudi kwao Ileje.

Mama yangu, ambaye hata ndoo ya maji alikuwa akitwishwa! Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa napima vitu. Kesho yake niliomba kikao cha ukoo kiingie kwa mama mkubwa. Kabati lake la vyombo lilikuwa limeacha alama yake ya zamani sakafuni na kusimama mshazari. Nikawaeleza: kitu kisichoshikizwa kikitikiswa huinuka, hukanyagia pembe moja, na kikishuka hakirudi palepale. Ndivyo mtu anavyohamisha pipa zito peke yake, akiliinamisha na kulizungusha ukingoni.

Mama mkubwa alilitazama kabati, kisha wanawe.

"Hili hakuna aliyeligusa," akasema. "Mwacheni mwenzangu. Ni ardhi."

Yakaisha. Nilijiona bingwa. Jumamosi fundi akalirudisha jiwe lilivyokuwa, akalishikiza kwa saruji, bila kungoja ibada. Mama ndiye aliyemchotea maji.

Baadaye nilimkuta amekaa mlangoni pa jiko, akitazama ubavu wa jiwe. Nilidhani atanishukuru.

"Siku mbili tatu nilipika huku nasoma jina lake," alisema. "Nilijua amenigeukia. Ukaja wewe, mwanangu, na pipa lako."