Zamu Yangu ya Jumatano

Mwanangu, nilikula. Kwa miaka ishirini niliacha watu waamini kuwa sikula, kwa uso mkavu, hata mbele ya madhabahu. Nakumbuka Jumatano ile kuliko ninavyokumbuka siku niliyopewa shahada yangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nikimsaidia Mama Aika katika duka lake la vitenge vya jumla pale Kariakoo. Mama Aika ni mtu wa Kilimanjaro, kauli zake fupi. Aliniita "Msomi" kila nilipokunja kitenge vibaya, yaani kila siku. Tulisali jumuiya moja. Binti yake Aika, wa miaka minane, alipopangiwa kupasuliwa uvimbe tumboni, jumuiya ikaweka mnyororo wa kufunga: kila mmoja na siku yake, bila maji wala chakula mpaka jioni, ili isipite siku hata moja bila mtu aliye magotini. Somo la mfungo nilikuwa nimelifundisha mimi, kwa vipengele saba, nikieleza jinsi mwili ukinyamaza roho husikia. Kwa hiyo nikapewa Jumatano, siku ya upasuaji.

Nikabaki dukani. Ilipofika saa saba mchana, Mama Aika alikuwa hajapiga simu kutoka hospitali. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hofu ilinikaa tumboni, nami nikaiita njaa. Nikavuka barabara, nikala mihogo ya kukaanga na kachumbari, nimejibanza nyuma ya marobota ya mitumba asinione mtu wa kanisani. Nilipomaliza kipande cha mwisho ndipo woga wenyewe ulipokuja. Mnyororo umekatika, na umekatika kwangu. Mtoto akifa leo, nimemuua kwa sahani ya mihogo. Usicheke, mwanangu. Kufuli la duka nililijaribu mara tatu, likanishinda kufunga.

Nikachukua bajaji hadi hospitali, Upanga. Mama Aika alikuwa kwenye benchi la korido. Alinikumbatia kwa nguvu, akakaa hivyo kitambo.

"Umefunga, Msomi?"

"Nimefunga, Mama."

Kila muuguzi aliyetokea mlangoni, niliona ananijia mimi.

Aika alipona. Ungedhani ningepumua. Jumapili mbili baadaye Mama Aika akaniita mbele ya kanisa. "Huyu ndiye aliyebeba siku ngumu," akasema. "Aseme mwenyewe." Nikashika kipaza sauti, nikasema Mungu ni mwema, jambo ambalo ni kweli, nikarudi kuketi.

Tangu hapo nikawa mfungaji hodari. Nilifunga, nilikesha, nilijaza madaftari ya tafakari. Nilikuwa kama mtu anayepiga deki sebule kila asubuhi na panya ameoza darini. Sala zikanikaukia mdomoni. Mtoto wa mtu akiugua, nilikwepa simu, nisije nikaombwa kufunga kwa ajili yake.

Mwezi uliopita Mama Aika akanipigia. Sasa ni bibi wa wajukuu watatu. "Jumatano ni zamu ya tumbo langu kupasuliwa. Sitaki mnyororo wa watu. Nataka wewe peke yako unifungie." Nikasema sawa, Mama. Kisha nikakaa na simu mkononi, nisijue pa kuiweka, kama lile kufuli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila mara hii kifo kingeweza kuwa cha mwingine.

Kabla sijakuambia nilichofanya, shika hili. Funga, mwanangu. Omba kwa saa yako, kaa kimya, soma Neno taratibu. Lakini usidhani mfungo ni kamba ya kumvutia Mungu upande wako. Ni mlango unaomfungulia aingie chumba kile kile usichotaka akione. Ukimzuia hapo, hata ufunge siku arobaini, utakuwa umekonda tu. Ungama kwanza. Njaa ni nyepesi kuliko hilo, nakuapia.

Nikampigia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, Jumatano ile ya Aika… nilikula."

Nikasikia feni ya chumbani kwake ikizunguka.

"Uliponikumbatia ulinuka vitunguu na pilipili," akasema. "Nilitaka kukuzaba kofi pale pale korido."

"Sasa mbona ukaniita mbele ya kanisa?"

"Ili useme. Wewe ukatuambia Mungu ni mwema!" Akacheka, akakohoa. "Jumatano zote hizi nimekuwa nikifunga kwa ajili yako, Msomi. Nimezeeka nazo. Basi, Bwana akuoshe, akupe moyo mwepesi na usingizi wa mtoto."

Badala ya amina nikavuta kamasi.

"Unalia? Nyamaza. Naogopa na mimi, ujue. Daktari amenikataza kula kuanzia Jumanne usiku. Njoo tufunge wote."